Gari la mtumba la kupanda Uluguru litengenezwe kuanzia chini

KIPUPWE kinapoingia, mkazi wa Morogoro Mjini huhisi ubaridi kidogo alfajiri, huvaa sweta, na ifikapo saa nne asubuhi amekwishaivua. Mfanyabiashara wa mboga aliyelala Nyandira au Langali, katika tarafa ya Mgeta, hana raha hiyo. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban meta 500 kutoka usawa wa bahari, wakati Nyandira iko juu ya meta 1,500. Kwa kanuni ya kawaida ya milima, kila meta 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6. Maana yake ni kwamba usiku ambao mjini ni nyuzi 16, kule juu ni karibu na 10 au chini yake, tena kukiwa na ukungu unaolowesha hata blanketi.

Huko ndiko wanakopanda jioni wanunuzi wa kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo, ili alfajiri wawe sokoni au shambani, wapakie na kuwahi kushuka kabla jua halijauchoma mzigo. Mwenye gari hapendi kuliacha gari lake, pamoja na fedha za kununulia mzigo, mbali na macho yake. Hivyo hulala humo humo. Dereva hubaki kwenye kiti cha mbele, mwenye mzigo hujilaza nyuma juu ya magunia matupu, na utingo hulala mahali popote palipobaki.

Kwa sababu hiyo, kununua gari la mtumba linalovuta magurudumu yote manne na kulitengeneza liwe la kupanda, kubeba na kulala kwenye baridi si anasa ya watalii peke yao. Wazungu hulifanya jambo hilo kwa starehe, wakajaza majiko, vitanda na majokofu ndani ya gari moja. Kwa mtu wa Mgeta, Kinole au Matombo ni zana ya kazi kama jembe. Tatizo ni kwamba wengi wanaolijaribu huanzia juu. Fedha za kwanza huishia kwenye keria kubwa ya paa, taa sita za mbele na rimu zinazong'aa, kisha gari hupelekwa mlimani na breki zile zile zilizokuja nalo kutoka bandarini.

Kazi hii inapaswa kuanza hata kabla ya gari kununuliwa. Si kila gari refu lenye tairi ya akiba mgongoni ni la mlima. Kinachotakiwa ni chesesi ya chuma iliyo mbali na bodi, na giaboksi ya pili yenye gia nzito za kupandia na kushukia. Toyota RAV4 ni gari zuri la mjini lakini halina gia hizo. Suzuki Escudo za zamani, ingawa ni ndogo, zinazo. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, zinazo, na injini yake ya 1HZ ya dizeli, lita 4.2, silinda sita, haina kompyuta ya kumsumbua fundi wa kijijini. Kuna Prado na Hilux Surf za injini ya 1KZ-TE, ambazo bei yake huvutia. Hizo zina sifa ya kupasuka silinda hedi zikichemka mara moja tu, na mlima wa Mgeta ukiwa na mzigo ni mahali pazuri sana pa kuchemsha injini.

Land Rover 109 nayo isidharauliwe. Ilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1980, na wazee wa Uluguru wanaikumbuka kwa kuwapandisha wagonjwa, maharusi, saruji na mbuzi kwa safari moja. Bodi yake ni ya aluminiamu, haioti kutu. Chesesi yake ni ya chuma, na hiyo huoza kimya kimya. Anayeuziwa 109 yenye rangi mpya ainame chini na nyundo ndogo, agonge chesesi kutoka mbele hadi nyuma. Sauti ikibadilika kutoka mlio mkali na kuwa butu, bei nayo ibadilike, au mnunuzi aage.

Ukaguzi huo wa chini unayahusu hata magari yaliyotoka Japani juzi. Mikoa ya kaskazini ya nchi hiyo, kama Hokkaido, huwa na theluji nyingi, na barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hula chesesi, mabomba ya breki na vikombe vya springi. Kwa upande mwingine, magari yaliyotengenezwa maalumu kwa mikoa hiyo huja na betri kubwa zaidi na hita yenye nguvu, vitu ambavyo mtu wa Mgeta angevilipia. Gari moja laweza kuwa na faida hiyo na kasoro hiyo kwa pamoja. Picha za kwenye kompyuta huonyesha viti na redio. Kutu ya chini haionyeshwi mpaka mnunuzi aiombe.

Kuhusu kodi, Tanzania haikatazi gari kwa umri kama Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliingizwi. Lakini ushuru wa uchakavu huongezwa kwa gari lililotimiza miaka 8, na huwa mkubwa zaidi likipita miaka 10. Kikokotoo cha TRA kipo kwenye mtandao na hakina malipo. Asiyekitumia hujikuta gari liko bandarini, akiba imekwisha, na gharama za kulihifadhi zinapanda kila siku.

Gari likishafika gereji, fedha ya kwanza iende kwenye breki. Kupanda Mgeta kunachosha gari, lakini ajali husubiri kwenye kushuka, gari likiwa limejaa. Dereva anayeshuka kwa gia nyepesi huku amekanyaga breki muda wote huzipasha moto mpaka zikakosa nguvu kabisa. Dawa yake ni gia nzito, mwendo wa polepole, na maji ya breki yanayobadilishwa walau kila baada ya miaka miwili, kwa sababu maji hayo hunyonya unyevu na kuanza kuchemka mapema. Kubadilisha maji ya breki ni kazi ndogo isiyolinganishwa na gharama ya keria, lakini haionekani, na pengine ndiyo sababu haifanywi.

Baada ya breki hufuata rejeta, mabomba yake na feni. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila meta 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwa hiyo gari lililopanda vizuri likiwa tupu lisitegemewe kupanda vile vile likiwa na magunia. Halafu tairi. Za matope zina meno makubwa na husaidia kwenye utelezi wa masika, lakini hata tairi ya kawaida hushika zaidi ikipunguzwa upepo kidogo, kwa mfano kutoka 35 hadi 25. Mwenye kufanya hivyo awe na pampu ya kurudishia upepo huo kabla hajaingia barabara ya Iringa, vinginevyo tairi itachemka na kupasuka. Kamba nene, koleo, shoka na vipande viwili vya mbao ngumu vinatosha kwa safari nyingi. Winchi ni nzuri kwa aliyenazo fedha.

Springi ndipo mahali ambapo mafundi wa Morogoro wana ujuzi wa kutosha na pia mahali wanapoharibu. Kuongeza majani mawili ya springi hakuongezi uwezo wa ekseli, breki wala chesesi. Gari lililoandikiwa kubeba tani 1 litabaki la tani 1 hata likisimama juu kama ngamia.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kufanywa kwenye karatasi kabla ya welda kuwasha mashine. Kitanda cha mbao na godoro ni kilo 40. Betri ya pili ni kilo 25. Maji lita 40 ni kilo 40. Keria na hema la juu ya paa ni kama kilo 100. Watu watatu wa kilo 70 ni kilo 210. Jumla ni kilo 415. Katika tani 1 zimebaki kilo 585, yaani magunia matano ya kilo 100 na kitu kidogo juu yake. Hiyo ni kwa magunia ya halali. Kama ni lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo hupiga vita kila msimu bila kuimaliza, gunia moja laweza kuzidi sana kilo 100, na mwenye gari hajui amebeba nini mpaka springi ikatike. Mkulima hupunjwa kwenye lumbesa kila mtu akiona. Gari nalo hupunjwa pale pale na hakuna anayelisemea.

Kwa hiyo gari la mfanyabiashara lisiwe na kitanda cha kudumu. Kinachofaa ni ubao unaokunjika ubavuni, ushushwe usiku gari likiwa tupu na uinuliwe alfajiri mzigo unapopakiwa. Hema la juu ya paa libaki kwa wenye kubeba wageni. Uzito ulio juu, kwenye kona za Mgeta zenye bonde upande mmoja, huliinamisha gari kuelekea kusikotakiwa.

Sasa kuhusu baridi yenyewe. Watu wengi hudhani joto hutoka juu, wakajifunika mablanketi matatu na kulalia bati tupu. Bati la gari hunyonya joto la mwili kuliko hewa. Sponji ya sentimeta 5 chini ya mlalaji ina faida kuliko blanketi la tatu juu yake. Kuta na paa la ndani zikiwekwa sponji nyembamba au mkeka mzito, na madirisha yakizibwa kwa maboksi yaliyokatwa kwa kipimo, tofauti huonekana usiku wa kwanza. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye kitambaa hukaa na joto kwa saa kadhaa. Vyote hivi hupatikana mjini, madukani au kwa mama anayeuza magodoro yaliyokatwa.

Wenye kulala garini huamka wakakuta vioo vinatiririka maji na nguo zimelowa, wakadhani gari linavuja. Ni pumzi zao wenyewe. Pumzi ya watu watatu usiku kucha hutoa maji ya kutosha kulowesha kila kitu, na mtu aliyelowa hupigwa na baridi haraka. Dirisha moja mbele na moja nyuma yaachwe wazi upana wa vidole viwili. Inaonekana ni kinyume cha akili, kuacha baridi iingie, lakini aliye mkavu kwenye hewa baridi hulala vizuri kuliko aliyelowa kwenye hewa vuguvugu.

Nyufa hizo mbili zisimdanganye mtu kwamba sasa anaweza kuingiza jiko la mkaa. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari nzima ya magari haya. Mkaa unapoungua hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, rangi wala moshi. Ikiingia mwilini hushika damu kuliko hewa safi inavyoshika, na mtu huanza kuumwa kichwa, kulegea na kusinzia. Aliyekwishalala haumwi kichwa wala haamki. Mkaa ulioiva na kuwa mwekundu usio na moshi ndio huaminiwa na wengi kuwa salama, na ndio unaoua, kwa kuwa hakuna dalili ya kumtisha mtu. Gari lililofungwa ni dogo kuliko chumba chochote, hivyo sumu hujaa humo haraka zaidi. Jiko la gesi na la mafuta ya taa nayo ni vile vile. Injini iliyoachwa inanguruma ili hita ifanye kazi, gari likiwa limesimama na bomba la moshi limetoboka, huleta sumu hiyo hiyo.

Wenzetu wa nchi za theluji hutumia hita ndogo za dizeli ambazo huvuta hewa ya kuunguzia kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake, wala moto haukutani na hewa ya mlalaji. Hita hizo, nyingi zikiwa za China, hula kiasi cha robo lita kwa saa au pungufu. Zikifungwa na fundi asiyejua, bomba la moshi likaishia chini ya sakafu iliyotoboka, zinakuwa jiko la mkaa lenye swichi. Tena kwenye miinuko mirefu hujaa masizi zisiporekebishwa. Kwa nyuzi 10 za Nyandira, sponji na blanketi vinatosha. Aliye na jiko alipikie chai nje, alizime, na alifunge kwenye keria kabla ya kulala.

Mafuta ya akiba nayo yasilale na watu. Morogoro haihitaji kufundishwa moto wa petroli ni kitu gani baada ya Msamvu, Agosti 10, 2019, ambako zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Dumu la petroli lililofungwa kwa mfuniko wa nailoni nyuma ya kiti, juu ya mlima ambako linavimba kwa kuwa hewa ya nje ni nyepesi, halina sababu ya kuwepo. Gari lijazwe mjini.

Kwa upande wa umeme, mafundi wanatakiwa kuwa macho na Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Nyingi zina betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24. Anayetaka taa au jokofu la volti 12 huambiwa achukue umeme kwenye betri moja tu, na baada ya muda betri moja huwa imechoka na nyingine imechemka. Kinachotakiwa ni kifaa cha kushusha volti, au betri ya tatu inayojitegemea na paneli ndogo ya jua. Kila waya uwe na fyuzi karibu na betri. Waya usio na fyuzi uliopita chini ya godoro ni moto unaosubiri siku yake.

Lipo pia suala la sheria, ambalo mafundi hulikwepa na wenye magari hulikuta barabarani. Kadi ya gari hutaja rangi, injini na idadi ya viti. Anayebadilisha vitu hivyo aende polisi kwa ukaguzi na TRA kwa marekebisho, la sivyo bima yaweza kukataa kulipa siku ya ajali. Anayebeba mizigo ya watu kwa malipo anahitaji leseni ya LATRA. Na abiria juu ya magunia ni kosa hata kama ni mwenye magunia.

Faida ya kazi hii haiishii kwenye kabichi. Tangu Juni 2024 treni ya umeme humfikisha mtu Morogoro kutoka Dar es Salaam kwa chini ya saa mbili, na mgeni huyo hushuka bila gari. Watafiti wa SUA na wengine kutoka nje huenda kwenye msitu wa Uluguru, uliopewa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, kuangalia ndege na mimea isiyopatikana kwingine duniani. Wengine hutaka kufika karibu na uwanda wa Lukwangule, juu ya meta 2,000, ambako baridi ya Nyandira ni joto. Arusha, kazi ya kurefusha Land Cruiser na kuzipa paa la kunyanyuka ni ajira ya mafundi wengi. Morogoro ina milima mjini kwake, ina Mikumi njiani na barabara ya Kisaki kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, lakini magari ya wageni hutoka Dar es Salaam au Arusha.

Mwenye gari moja la mboga aliye na ubao wa kukunja anaweza kumpandisha mgeni katika miezi ambayo mzigo ni haba, mradi gari lioshwe vizuri. Harufu ya kabichi iliyooza haivumiliwi na mtu aliyelipa. Peke yake, mchuuzi wa Soko Kuu la Chifu Kingalu hawezi kulinunua gari hilo. Watano wanaweza. Vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu vina haki ya kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, na andiko linaloonyesha uzito, njia na gharama za matengenezo hueleweka kuliko lile linaloomba tu fedha za gari.

Chuo cha VETA Kihonda kingeweza kusaidia kwa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia gereji, kwa utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambao VETA inao tayari, na kwa kutengeneza mchoro mmoja wa ubao wa kulalia, keria na nyaya unaoweza kunakiliwa na welda yeyote. SIDO nayo ipo. Fundi aliye na cheti na mchoro hatafunga keria ya kilo 100 kwenye paa la Escudo kwa sababu tu mteja amesema, "Fundi, weka kubwa."

Hata hivyo gari, liwe imara vipi, halipiti pasipo na barabara. Februari 1970 mvua ya zaidi ya milimeta 100 ilinyesha Mgeta kwa saa chache na kusababisha maporomoko zaidi ya 1,000 kwenye miteremko. Udongo wa huko haujabadilika, na miteremko bado inalimwa. Mitaro ya barabara ya Sangasanga kwenda Langali na ile ya Kinole inatakiwa kuzibuliwa kabla ya Machi, si Mei baada ya barabara kukatika. Wakulima wenyewe hufanya kazi hiyo kwa majembe kila masika wakichoka kusubiri, tena bila malipo, huku njegere zikingoja kwenye magunia kandokando ya barabara.